Dorothée Alisomea Uganga wa Mifugo

Ndugu wafiwa, watumishi wa Mungu na majirani, habari ya musalaba wa kaburi la dada yangu niliipata jana jioni kwa Mama Arlette, jirani yetu wa Ngezi, aliyepita kwa seremala Evariste akaona umeandikwa "Dorothée, mwanasheria", akaja kuniuliza ni tangu lini, kwa hiyo mimi mudogo wake, ambaye sijazoea kusimama mbele ya watu, nimeomba kusoma historia hii mwenyewe.

Marehemu alizaliwa Bogoro tarehe 14 Machi 1981, mutoto wa kwanza wa muzee Gustave na mama Marie-Claire, wafugaji, akasoma shule ya musingi palepale, kisha sekondari hapa Bunia, na mwezi wa Agosti 2001 habari ilipokuja kwamba amepata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, tulimumwagia poda kichwani kwa shangwe, kama desturi yetu, mpaka nyusi zikawa nyeupe, akacheza barabarani na ndoo ya maji bado mukononi.

Baba alikuwa amefariki mwaka 1999, hivyo Baba Mudogo Lambert ndiye aliyeita ukoo kuchanga, na kwa kuwa kwetu anayechanga ndiye anayechagua fakulte ya chuo kikuu, akachagua sheria, ili tupate mutu wa kutetea mashamba yetu, na Dorothée alipopiga magoti akaomba asomee uganga wa mifugo, watu walicheka, Baba Mudogo akasema, "Ng'ombe wameibiwa wote, weye utatibu nini, kamba?", naye akajibu akiangalia chini, "Siku watakaporudi, baba, nani atajua magonjwa yao?", na muchango ulifungwa siku ileile, asipewe hata kidogo.

Aliingia fakulte ya mifugo mwezi wa Novemba 2001, akikaanga mandazi ya kuuza mbele ya nyumba kabla ya kwenda kusoma, ajilipie masomo, akamaliza mwaka wa kwanza, akaanza wa pili, na vita ilipofunga masomo alitibu mbuzi wa wakimbizi bila malipo. Februari 2003 alichumbiwa na Félicien, ndipo Baba Mudogo akawaambia wakwe kwamba binti anasomea sheria, ili mahari ipande, naye Félicien, aliyekuwa akimushikia wale mbuzi miguu, aliinama akaficha kicheko. Hakufikia ndoa, hakuzaa, ila mwanangu Chance alimwita mama.

Mwezi wa Mei tulikimbilia njia ya Mambasa, akarudi na homa isiyoisha, akafariki hospitalini juzi, tarehe 17 Septemba 2003.

Baba Mudogo, nakuheshimu, lakini mulimunyima Dorothée muchango akiwa hai, leo munamupa fakulte ya sheria musalabani akiwa maiti, ili uongo wa mahari usionekane mbele ya wakwe, na hilo mimi sitalizika.

Tunawashukuru madaktari waliomuhudumia bila kulala, majirani wa Ngezi walioleta kuni na maji, na wanafunzi wenzake wa mifugo, ambao jana waliulizwa hapa wamekuja kwa nani, kana kwamba marehemu hakuwa mwenzao.

Leo asubuhi nilienda kwa Evariste, nikaomba musasa na rangi, nikalisugua lile neno mwenyewe mpaka mbao ikawa nyeupe, nikaandika polepole, nikihakikisha kila herufi, "Dorothée, muganga wa mifugo".

Pumzika kwa amani, dada, katika kazi uliyoichagua, nanyi mutakaobeba musalaba, muushike kwa chini, rangi haijakauka.