Gari la Fundi Spoku

Pale Makambako, barabara ya Njombe inapoachana na ya Iringa, palikuwa na benchi la mti wa mwati, na juu yake walikaa wanaume wenye maneno mengi kuliko kazi. Mwaka ule wa 1951 bingwa wao wa majigambo alikuwa Yoeli, kijana aliyeacha shule darasa la tatu kwa madai kwamba mwalimu ameishiwa ya kumfundisha. Walimwita Gavana. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mpaka vikombeni. Fundi Spoku alikuwa amekufa kwa kifua, naye alilazwa bandani mwake, hatua hamsini kutoka hapo, kando ya gari dogo la mbio alilolifufua kwa miaka saba. Watu wa kanisa walikuwa wakimgongea sanduku. Kila mtu benchini aliisikia ile nyundo, na kila mtu akaongea habari za gari.

— Sasa lile gari ni la nani? — aliuliza Odilo, dereva wa lori, aliyeitwa Breki kwa sababu lori lake halikuwa nazo.

— Uliza kwanza lilikuwa la nani, — alisema Hezekia, ambaye kwa kupenda habari walimwita Gazeti. — Lililetwa na Mwingereza wa mashamba ya miwati. Viti viwili tu: chake na cha mbwa wake. Akalitumbukiza mtoni, akamwuzia Mgiriki. Mgiriki akafugia kuku.

— Mwingereza wapi! — Yoeli hakuwa na habari yoyote, lakini hilo halikuwahi kumfunga mdomo. — Lile ni la kifalme. Yapo matatu duniani. Moja analo mfalme, la pili lilizama na meli.

— Na la tatu likaja kutagiwa mayai Makambako?

— Chanda chema huvikwa pete, Breki.

— Pete na kuku wapi na wapi?

— Hujasoma wewe.

— Kumbe wewe umesoma!

Marcelino, mwuza kahawa, alicheka, kisha akakumbuka kuna msiba, akajifanya anakohoa.

— Mgiriki alimpa Fundi lile gofu kwa kumtunzia malori mwaka mzima, — Hezekia aliendelea. — Lilivutwa na maksai kama jembe. Spoku zote zimepinda, akazinyoosha moja moja.

— Rejeta nilimletea mimi kutoka Mbeya, — alisema Odilo.

— Viti ni ngozi ya ng'ombe wangu, — alisema Marcelino. — Yule mwekundu.

Yoeli ndiye aliyekuwa akimshikia Fundi taa, na kwa mara ya kwanza hakuona namna ya kujivunia jambo.

— Jumamosi si liliwaka? — alisema Odilo. — Mbuzi wa jirani yake Zipora walikata kamba kwa mshindo!

— Akacheka, — alisema Marcelino. — Miaka saba sijamwona akicheka. Kisha akasema lile neno lake.

Wote walilijua. "Likiwaka, naenda nalo kwetu." Alilisema kila jioni akipangusa mikono.

— Sasa serikali italichukua, — alisema Hezekia haraka. — Mali isiyoandikwa daftarini…

— Mfalme atatuma ndege! — alidakia Yoeli. — Itatua kwenye shamba la pareto, italibeba kama mwewe na kifaranga!

Hapo ndipo alipotokea Nahumu, mwinjilisti kutoka Njombe, koti limelowa, penseli mkononi.

— Kamwene.

— Kamwene, mwinjilisti.

— Ndugu zangu, lori la posta linaondoka sasa hivi. Nataka kupeleka habari za msiba kwao marehemu. Tiketi yake ya kodi imeandikwa "Fundi, Makambako" tu. Kwao ni wapi?

Wote walimtazama Gazeti.

— Nadhani Manda, kule ziwani, — alisema Hezekia. — Alipenda samaki.

— Aa, Mkinga yule, — alisema Odilo. — Wa kule milimani Ikonda. Baridi haikumsumbua.

— Imemwua, — alisema Marcelino.

Wakamgeukia Yoeli.

— Gavana, wewe ulikuwa naye kila jioni.

Yoeli akakumbuka jioni moja, taa mkononi, Fundi kalala chini ya gari miguu nje. "Kwetu, Yoeli," Fundi alianza, "nyumba ya mama yangu iko…" Naye akamkata kauli: "Hebu niambie kwanza, hili linakwenda maili ngapi kwa saa?" Fundi akamjibu, na habari za nyumba ya mama hakuzirudia tena.

— Themanini, — alisema Yoeli. — Linakwenda maili themanini kwa saa.

Nahumu alikuwa ameshaweka penseli juu ya karatasi. Barabarani lori la posta lilipiga honi.

— Kwenda wapi, mwanangu?

Kule bandani nyundo ilikuwa imenyamaza.