Kiatu cha Mzee Ngumbao

Basi la Marafa lilikuwa na nafasi tele, nami nilikaa nyuma ya watu wawili wasiojuana. Mwanamke kwa jina Easter alikuwa arudie mtihani wa udereva wiki ijayo. Katika mtihani wa kwanza alianguka kwa kukanyaga breki katikati ya kona. Jirani yake kitini, Mzee Ngumbao, alikuwa ameendesha lori la mananasi miaka thelathini.

"Madereva wa mashindano, mzee, hupunguza mwendo kabla ya kona," Easter alisema. "Wakishaingia hawagusi breki, na macho wanayaelekeza kule watakakotokea."

"Hao wana magari ya kuvunja, mwanangu. Mimi kona naingia kwa honi na dua."

Hakusema ni mara ngapi dua ilichelewa.

"Na penye mchanga, je?"

"Honi ndefu zaidi."

Hapo nikaangalia chini. Kila kona ilipokaribia, kiatu cha kulia cha mzee kilikandamiza sakafu mapema, kabla hata ya dereva wetu, kisha kikainuka taratibu. Easter naye alikiona. Akasogeza mguu wake kando ya ule wa mzee, akawa anakanyaga kila mzee akanyagapo.

Basi liliposimama Marafa, mzee alikuwa bado anasifu honi.