Sifuri ya Odarkwei

Dungu! Bega kwenye fremu ya mlango, halafu kicheko kidogo cha mume wangu gizani: "Mlango huu umehama, Naa." Ni mara ya tatu wiki hii, na kila mara upande wa kushoto. Huu ndio mwezi ambao ngoma ni mwiko Accra nzima, mji umenyamaza kabisa, kwa hiyo nikasikia hata viganja vyake vikipapasa ukuta, mtoto akaamka, na mimi sikulala tena. Najua kinachomsumbua. Februari Odarkwei alikwenda Lomé akapigana kwa kitabu cha ngumi, kile chenye jina na namba ya bondia, cha marehemu binamu yake, Okoe, ili akishindwa isiingie kwenye rekodi yake, na akashindwa, raundi ya nne, wakammwagia maji weee ndipo akajua yuko wapi. Tangu hapo jicho la kushoto lina ukungu. Jumamosi, mwiko ukiisha, anapanda ulingoni na Amarkai, daktari wa chama cha ngumi hajui kitu, na mimi nimeapishwa juu ya kichwa cha mwanangu kwamba sitasema. Asubuhi nikatoka kuuza kahawa mbele ya nyumba yetu hapa Bukom kama kawaida. Benchi lilikuwa limeshajaa.

— Kumi na saba, sifuri! Ataa Katibu akalipiga daftari lake gotini. Huyu mzee ameandika kila pambano la mtaa huu tangu ujana wake, na ile sifuri ya kushindwa ya mume wangu aliichora kwa wino mwekundu. — Nionyesheni mwingine mwenye sifuri!

— Kumi na saba dhidi ya nani? Huyo ni Refa, fundi viatu, hajawahi kuwa refa popote. — Mmoja dereva teksi. Yule wa Keta alipanda ulingoni na viatu vya kanisani!

— Kapigwa, hakupigwa?

— Kapigwa. Hata mimi ningempiga. Amarkai kashinda ishirini na nne, kashindwa mara tatu, lakini zile tatu kapigwa na wanaume.

— Siku hizi kupigwa nayo ni sifa?

— Ni shule, Katibu! Huyo wako hajui sakafu ina baridi kiasi gani.

— Naa, unamwaga!

— Samahani, Ataa.

Nikafuta meza. Refa alikuwa ameshapata moto.

— Tena nawaambia siri ya kazi. Viatu vya Amarkai nashona mimi. Soli ya kulia inaisha kwa wiki mbili! Ngumi yake ya kulia inaanzia kisiginoni. Tuache kuhesabu mapambano, tuhesabu soli.

— Wewe unataka wateja tu. Odarkwei anaiona ngumi kabla haijatupwa. Macho yale! Naa, nisaidie, mumeo usiku si anaona kama paka?

Wote wakanigeukia. Nikasema ndiyo, na sauti ikatoka kama ya mtu mwingine.

— Mkitaka ukweli, akasema Refa, anayewazidi wote wawili yuko makaburini. Okoe.

— Okoe! Yule tuliyemzika mwaka juzi kwenye jeneza la umbo la glavu?

— Huyohuyo. Tena fundi akakosea, akachonga ya mkono wa kushoto. Mpaka leo anapigana upande asiouzoea.

— Rekodi yake mbovu! Ngoja nikufungulie.

Akalamba kidole, akaanza kupekua. Nikashika birika.

— Ataa, kahawa imepoa, nikuongezee?

— Ngoja kwanza, mwanangu. Mkumasi, soma wewe, huna upande.

Mkumasi ni kinyozi kutoka Kumasi, kafungua banda ng'ambo ya barabara wiki iliyopita tu. Akashika daftari.

— Ameshinda tisa, ameshindwa sita.

— Tano! Refa akaruka. — Nilikuwepo kwenye yote!

— Hapa sita. Ya sita ni Februari mwaka huu. Lomé, raundi ya nne, KO. Akainua uso. — Samahani, mimi mgeni. Si mmesema mlimzika mwaka juzi?

Katibu akalivuta daftari, akasoma mwenyewe.

— Labda Okoe mwingine, akasema Refa.

— Namba ya kitabu ni ileile, akasema Katibu polepole. — Mpwa wangu, dereva wa Lomé, aliniletea matokeo. Nilinakili tu. Sikufikiri.

— Basi nani alianguka? akauliza Mkumasi.

Refa akakumbuka ana kiatu cha mtu, akaondoka, kikombe hakijafika nusu. Mkumasi akamfuata. Katibu akabaki, anautazama mlango wetu.

— Naa. Nani alianguka?

Basi nikasema, Mungu anisamehe, nilisema yote kwa pumzi moja, maji, ukungu, fremu ya mlango, kiapo.

— Jicho gani?

— La kushoto.

— Na ngumi ya kulia ya Amarkai ndiko inakotua.

Akatoa kalamu. Akafuta mstari wa mwisho wa Okoe, akafungua ukurasa wa Odarkwei, akaishikilia kalamu juu ya ile sifuri nyekundu mpaka nikadhani hataweza. Kisha akaikata, akaandika moja.

— Akijua ni mimi ataniacha na mtoto, Ataa.

— Kosa limo kwenye daftari langu, nimelisoma mwenyewe. Wewe ulikuwa unamimina kahawa. Nalipeleka kwa daktari wa chama sasa hivi, jicho lipimwe kabla ya Jumamosi.

— Na hapa mtaani?

Akalifunga daftari kwa mpira, akalitia kifuani, akasimama.

— Kwa daktari tu, Naa. Baada yake simwambii mtu mwingine.