Boti Iliyokuwa Ikichemsha: Shukrani za Tujaliane, Kibara, kwa Mama Bhoke

Mgeni rasmi, Mama yetu Bhoke Matiko, mkufunzi wa injini za boti kutoka Musoma, wazee wetu, wanakikundi na majirani mliofika hapa ufukweni, mwaloni Kibara: tunawasalimu kwa furaha.

UKARIBISHO

Mama, karibu sana. Safari ile ulifika na ovaroli, tukakupa uji mtupu. Leo sato wapo wa kutosha, na hatukubali uondoke kabla ya kula.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kina wanachama thelathini na mmoja: wavuvi, wakulima na mama lishe. Tuna boti moja yenye injini ya dizeli iliyofungwa ndani, na kazi yake kubwa ni kuleta wagonjwa na wajawazito kutoka visiwani. Fundi wetu tangu mwanzo alikuwa Amini Hasani, mwanafunzi wako.

Mwaka jana injini ikaanza kuchemsha. Ikienda polepole, haina shida. Ukiongeza mwendo, mshale wa joto unapanda hadi kwenye nyekundu. Fundi Amini alibadilisha impela ya pampu ya maji mara mbili. Alisafisha mabomba. Alifungua thamostati, kile kifaa kinachopitisha maji injini ikipata moto, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto, tukaona inafunguka vizuri tu. Tukiivuta boti nchi kavu akaiwasha kwa maji ya pipa, injini inatulia kabisa. Ikirudi ziwani, yale yale.

Mchana mmoja ilizimika katikati ya ziwa, Mwanaupe akiwa ndani na uchungu. Alijifungulia humo humo, mkunga wetu Tausi akimkinga jua kwa kanga. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto wapo hapa leo. Lakini hasira zilitupanda. Tulimwita Amini hapa mwaloni mbele ya watu, tukamwambia anatoa spea nzima na kutufungia mbovu. Alisema, "Sijachukua hata nati." Tukamjibu, "Nyie mafundi ni wale wale!" Tukamnyang'anya funguo. Akabeba mkoba wake, akaenda zake Musoma.

MAFANIKIO

Ndipo ukaja wewe, Mama. Tulitaka kuivuta boti nchi kavu kama kawaida yetu, ukakataa. Ulisema, "Inaumwa ikiwa majini, nitaipima majini." Ukamwambia nahodha Kulwa akanyage mwendo, ukainama nyuma kutazama maji yanayotoka kwenye ekzosi, bomba la moshi. Yalikuwa yanachuruzika kama ya birika. Ukashika bomba linalovuta maji, ukalikuta limenywea. Ukauliza, "Hapa chini mnafungaga nini?" Tukanyamaza wote. Kulwa akazama, akaibuka na kipande cha wavu wa dagaa kilichojaa ukoga.

Mgeni rasmi, wavu ule tuliufunga sisi wenyewe kwenye tundu la kuingizia maji, ili magugu maji yasiingie. Tulijiona tuna akili kweli! Na kila fundi alipokuja, tukishaivuta boti nchi kavu tuliutoa kwanza tukaufua, kwa kuwa kwetu mtu haonyeshwi chombo kichafu. Akimaliza, tunaufunga tena. Amini asingeuona hata angekaa hapa mwezi mzima. Aliyekuwa akiufunga na kuufua ni mimi ninayesoma risala hii, Debora, katibu wenu. Siku ya Amini nilinyamaza kwa kutojua. Siku yako, Mama, nilinyamaza kwa aibu.

Hukutugombeza. Ulicheka hadi ukakaa chini, kisha ukatuwekea chujio linalofunguka, ukatufundisha kulisafisha kila asubuhi. Miezi mitano sasa mshale haujagusa nyekundu, na wajawazito kumi na wanne wamefika salama. Ahsante, Mama. Ahsante tena na tena.

CHANGAMOTO

Tunayo moja: hatuna fundi. Wanaotoka Bunda ni wazuri, ila wanakuja siku wanayotaka wao. Kulwa anajua kuendesha, lakini akifungua kitu na kukirudishia, anabakiwa na nati mkononi. Kubwa zaidi, tumesikia neno letu limefika Musoma, na Amini ananyimwa kazi kwa sababu yetu. Hilo linatuuma sana.

MAOMBI

Hatuombi injini mpya. Tulimtuma mzee Amos kuomba radhi mara mbili. Amini alimkaribisha chai, akamwambia kwamba aliyetukanwa mbele ya watu haombwi radhi chumbani. Ana haki. Tunakuomba wewe, mwalimu wake, umfikishie maneno yetu.

Mgeni rasmi, karatasi inaishia hapo. Lakini nimenong'onezwa sasa hivi kwamba umekuja naye, yumo kwenye gari lako pale, na amekataa kushuka. Fredi, hebu geuza spika ielekee kule.

Fundi Amini, ni mimi Debora. Hukuiba. Hukuharibu. Tulikosea sisi, na tunalisema mbele ya watu wale wale. Injini leo ni nzima, kwa hiyo hatukuiti kazini. Tumekuwekea kiti meza kuu, kando ya mwalimu wako. Utusamehe, ndugu yetu. Shuka tule.

Mama Bhoke, Mungu akuzidishie afya na mikono yako isichoke. Wenzangu, naomba tusimame wote, tutazame kwenye gari.

Ni sisi,
Wanakikundi wa Tujaliane, Kibara.