Mikono Kwanza, Kisha Meno

Wazazi wenzangu, nashukuru kupewa zamu kabla ya sambusa, maana zikishaingia hapa hata mimi sitajisikiliza.

Binti yangu ana miaka kumi na sita na ana ulemavu wa akili. Akicheka mtaani Jang'ombe, hata mtaa wa Kikwajuni wanageuka. Basi mwaka jana kicheko kilikatika. Ufizi umevimba, unatoka damu, hata urojo anaoupenda kuliko mimi anausukuma kando. Daktari wa meno akatwambia ufizi usiposafishwa kila siku, meno ya mbele yataondoka.

Nikaanza vita. Mimi na mswaki, yeye mdomo kaufunga kama lango la ngome. Nlibembeleza, nliimba, mpaka jirani akaja kuuliza nani anachinjwa. Halafu elimu yangu ya masomo ya usiku ya watu wazima ikanipanda kichwani: si wazee wetu walitibu meno kwa mafuta ya karafuu? Nikampaka ufizi mzima. Ndugu zangu, nawaambia, ukelele ule Mangapwani waliusikia. Tokea hapo akiniona na mswaki anaingia uvunguni mwa kitanda.

Nikakata tamaa. Siku moja nimejikalia uani, mama yangu anatia udhu, na mjukuu wake ubavuni, kama desturi yao. Bibi akiosha mikono, naye anaosha. Bibi akisukutua, naye anasukutua, mara tatu, hakosei. Mdomo ule ule nlioupigania uko wazi mbele ya macho yangu! Nikakimbilia mswaki. Mama akanizuia.

"Wewe unamsugua kama sufuria iliyounguza wali. Lete miswaki miwili, kisha kaa mbali."

Basi ikawa kila alfajiri na kila isha, wakishaosha mikono, bibi anasugua meno yake na mjukuu anamwiga. Mwanzo kwa maji matupu, baadaye dawa ya meno kidogo kama punje ya choroko. Kwenye magego bibi anamshika mkono, taratibu. Damu ikakatika, urojo ukaanza kuliwa tena.

Juzi tukarudi kwa daktari. Kainama amtazame, binti kafunga mdomo. Kumbe ananyoosha kidole kwenye bomba la maji.

"Mikono kwanza," akamwambia.

Daktari mzima akaenda kunawa. Ndipo mdomo ukafunguka, na meno yote yamo.

Namshukuru daktari kwa subira yake, na nyinyi mlionisikiliza nlipokuwa nalalamika. Zaidi namshukuru mama, yule pale nyuma ananikonyeza nikae. Ninalowaachia ni hili: kila mtoto ana jambo analolifanya kila siku kwa raha zake. Litafuteni, muutie mswaki humo humo, bila ya kumshika kwa nguvu.

Wa kwangu sasa ndiye mkaguzi. Kila isha ananifungua mdomo mimi, na mpaka leo hajanipasisha.