Demiana Rizqallah, Aliyekataza Watoto Kujaziwa Fomu

Marehemu dada yetu Demiana alizaliwa tarehe 12 Januari 1956 hapa hapa Nazlet Tadros, chini ya mlima wa mawe meupe, mtoto wa tatu wa mzee Rizqallah, mkata mawe, na mama Tafida. Alizaliwa na sauti kubwa, na hakuipunguza mpaka mwisho.

Demiana alipokuwa na miaka kumi, mpimaji ardhi alikuja machimboni na chombo chake cha miguu mitatu, akamruhusu achungulie. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Mwaka 1971 akawa wa kwanza katika mtihani wa shule ya kati. Ikaja fomu ya kuchagua masomo. Baba hakujua kuandika, basi mwalimu mkuu akaijaza mwenyewe: ualimu. Demiana alipolalamika, akaambiwa, "Binti wa mkata mawe, hata huo ualimu si bahati? Nyamaza!" Akaenda kusomea ualimu, lakini ilimuuma, na hakuficha.

Alifundisha shule yetu ya msingi kuanzia 1976 hadi 2016, na kusema kweli kazi aliipenda. Ila kila alipouliza watoto wanataka kuwa nani, wavulana walijibu "mkata mawe," wasichana "mke wa mkata mawe." "Loo! Hawa hawajachagua," alisema. "Hawajaona kitu kingine!" Basi kila Alhamisi akawavusha mto Nile hadi Minya, akawakalisha kutwa kwa daktari wa mifugo, kwa fundi redio, mahakamani. Wazee, waliomwita Abla, yaani mwalimu wa kike, wakamtania, "Abla, unawafundisha kutukimbia?"

"Nawafundisha kuchagua. Atakayerudi kwenu, arudi kwa miguu yake."

Na siku ya fomu, ole wake mtu mzima aliyeshika kalamu! Abla alikuwa mlangoni.

Kivuko kilikuwa cha Fahim. Siku moja akamwambia, "Bi Demiana, nimechoka kukuvusha urudi kwenu. Safari hii rudi kwangu." Walifunga ndoa tarehe 14 Oktoba 1979.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Marina Habib, binti wa mkata mawe na mwanafunzi wake, leo mpimaji ardhi, alimletea chombo chake juu ya paa la nyumba. Demiana akachungulia, akachungulia. "Fahim, sogea bwana, unanizibia mlima!" Tulicheka sana, kisha tukalia.

Alhamisi iliyopita mjukuu wake Verina alileta fomu kitandani. Alikuwa ameandika: shule ya ufundi, uokaji mikate, kazi ya baba yake. Shangazi mmoja akaguna, "Miaka yote hiyo ya kuvusha watoto, wa kwako anarudi kwenye tanuri?"

Demiana hakumjali. "Mjukuu wangu, nani kaandika hapa?"

"Mimi, bibi."

"Na kazi nyingine umeziona?"

"Nimeziona zote. Nataka hii."

"Basi tia sahihi!" Akapiga kigelegele, nasi tukakipokea, mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaoa.

Alifariki Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2024, saa nne asubuhi, mikononi mwa Fahim.

Ameacha mume, mwanawe Bishoy, mjukuu Verina, na kijiji kizima cha watu waliojaza fomu zao wenyewe. Pumzika kwa amani, Abla. Kalamu tunayo sisi.