Viatu Visivyo na Udongo

Basi lilitoka makaburini kuelekea bandari ya Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina. Nélida alikuwa ameelekeza macho dirishani, ila masikio yalikuwa kiti cha mbele, ambako mzee mmoja alikuwa akimtania msichana mwenye jaketi jekundu la meli za Antaktika.

"Nyie wa melini bwana! Unatoka makaburini na viatu vinang'aa? Ulipaa?"

"Nimevisugua bombani, pale getini."

"Kwani udongo wetu una ukoma?"

Msichana akacheka kidogo. "Ndiyo kazi yangu, mzee wangu. Kabla wageni hawajakanyaga barafu, nawasugulisha viatu, isiingie kule hata mbegu moja ya kigeni. Huu msimu wa sita. Mkono umeshazoea, haungoji kuambiwa."

"Na makaburini ulimfuata nani?"

"Mama. Walimzika Januari, nami niko kulekule nachekesha wageni. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumfikia."

Utani ukamwisha mzee. "Huo udongo ungeuacha, mwanangu. Rudi basi kesho."

"Tunang'oa nanga jioni hii."

Nélida hakujifanya tena kutazama dirisha. Basi liliposimama bandarini, msichana aliinua mguu, akapitisha ukucha kwenye mifereji ya soli, mmoja baada ya mwingine. Hakupata hata chembe.